Pikapu ya dizeli inayokula mafuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mafuta hayapotei bure. Ama yanashinda upepo, ama yanaburuta tairi au breki iliyobana, ama yanatoka kwenye bomba la moshi bila kuungua vizuri. Majibu haya yanafuata njia hizo. Yanahusu pikapu za injini ya lita 2 hadi 3, za zamani zenye pampu ya kawaida na za sasa za komoni reli (mfumo ambao kompyuta huamuru unyunyizaji wa mafuta kutoka bomba moja la presha kubwa).

Nitajuaje gari linakula kiasi gani hasa?

Jaza tangi mara mbili, kisha piga hesabu. Mshale wa mafuta hautoshi, na namba ya dashibodi ni makadirio ya kompyuta ambayo mara nyingi ni mazuri kuliko hali halisi.

Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe. Dizeli hutoa povu, kwa hiyo subiri dakika moja povu litulie, kisha ongeza polepole mpaka ijikate mara ya pili, na hapo uache. Rudisha kihesabio cha safari kwenye sifuri. Endesha angalau kilomita 400 kwa kazi zako za kawaida, kisha rudi kwenye pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule, ujaze kwa namna ileile. Ukiwa umetembea kilomita 571 na pampu imeingiza lita 52.4, gawanya 571 kwa 52.4. Unapata kilomita 10.9 kwa lita, yaani lita 9.2 kwa kila kilomita 100.

Usipime kwa lita chache. Kosa la lita moja kwenye lita 52 ni asilimia 2 tu, lakini kwenye lita 15 ni karibu asilimia 7, na hapo utadhani umepata nafuu ambayo haipo. Chukua wastani wa matangi matatu kabla ya kubadilisha kitu, na matatu mengine baada ya kubadilisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha filta, oili na matairi siku moja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Namba ipi ni ya kawaida?

Dabo kebini ya kawaida, ikiwa nzima na bila mzigo mkubwa, hutoa takriban kilomita 10 hadi 13 kwa lita kwenye barabara ndefu kwa mwendo wa 80 hadi 90, na 8 hadi 10 kwenye foleni za mjini. Kinachopaswa kukushtua zaidi ni gari lililokuwa likitoa 11 mwaka jana na sasa linatoa 9 kwa njia ileile na mzigo uleule. Hilo lina ugonjwa.

Tangu niweke matairi makubwa hesabu imeshuka. Je, ni kweli linakula zaidi?

Kwa sehemu ni kweli, na kwa sehemu odomita (kihesabio cha kilomita) inakudanganya. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na la 265/70R17 lina 803. Kila mzunguko mmoja gari sasa linakwenda mbele asilimia 3.4 zaidi, lakini odomita bado inahesabu kwa tairi la zamani. Zidisha kilomita zako kwa 1.034 kabla ya kugawanya. Ukipata 10.0 kwenye karatasi, ukweli ni 10.3.

Kinachobaki baada ya marekebisho hayo ndicho kinacholiwa na tairi lenyewe: uzito wake, upana wake, na kashata (meno ya tairi). Matairi ya matope yenye kashata kubwa huvuta sana kwenye lami. Kama siku nyingi unatembea lami, rudi kwenye tairi la barabara.

Nifanye nini kupunguza mafuta bila kununua chochote?

Punguza mwendo. Hakuna kifaa kinachofikia hili kwenye pikapu, kwa sababu gari hili ni refu kwenda juu, lina uso mpana, na bodi ya nyuma iko wazi. Nguvu ya upepo unaolizuia hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka 90 hadi 110, upepo wa kushinda katika kila kilomita huongezeka kwa karibu nusu. Katika safari ya kilomita 200, mwendo wa 110 unakuokolea dakika 24 tu ukilinganisha na 90.

La pili ni kuangalia mbali. Kila unapokanyaga breki unageuza kuwa joto mafuta uliyokwisha kuyalipia. Ukiona taa nyekundu au lori mbele, ondoa mguu mapema na uache gari lisogee lenyewe.

Gia gani na mizunguko mingapi?

Injini nyingi za dizeli za turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) huvuta vizuri kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika. Panda gia mapema, uwe kwenye 2,000 hivi. Lakini usiikabe: gia ya tano kwenye kilima ikiwa chini ya 1,200 huku umekanyaga mpaka chini huleta mtetemo, moshi na masizi, na huumiza klachi na flaiwili. Gari likianza kulalamika, shusha gia moja.

Kushuka mlima kwa gia huru kunaokoa mafuta?

Hapana, usifanye. Ukishuka ukiwa na gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, injekta (vinyunyizio vya mafuta) hufungwa kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inabidi ijiendeshe kwa silensa (mngurumo wa chini bila kukanyaga mafuta) na inachoma mafuta. Zaidi ya hapo unakosa breki ya injini, na breki za magurudumu hupata moto mpaka zikose nguvu.

Niache injini ikinguruma nikisubiri?

Silensa hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na zaidi ukiwasha AC. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja au mbili, zima. Isipokuwa umetoka tu kuvuta mzigo mlimani: iache dakika moja au mbili turbo ipoe, kisha uzime. Asubuhi nayo hakuna haja ya kupasha injini kwa robo saa. Subiri oili ipande, nusu dakika hivi, kisha ondoka taratibu.

Upepo wa matairi una uzito gani katika hesabu?

Kila psi 1 (kipimo cha presha ya upepo) inayopungua kwenye matairi yote manne hula takriban asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo, ila matairi ya pikapu hupungua psi 8 bila jicho kuona. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi la moto huonyesha psi 3 hadi 5 zaidi. Fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho mara nyingi kina namba mbili kwa matairi ya nyuma: bila mzigo na kwa mzigo. Usipitishe kiwango ukitafuta nafuu. Tairi hulika katikati, na bodi tupu huruka kwenye matuta.

Ukipitisha kiganja juu ya kashata kwenda ndani kisha kurudi nje, na upande mmoja ukawa laini huku mwingine unakwaruza kama msumeno, alaimenti imepotea na tairi linaburutwa kiubavu. Hapo tairi na mafuta vinaliwa pamoja.

Nitajuaje breki inabana?

Hili husahaulika sana, na linaweza kula zaidi ya filta chafu. Tembea kilomita 15 hivi, na mwishoni acha gari lipunguze mwendo lenyewe bila kukanyaga breki sana. Simama, kisha sogeza kiganja karibu na katikati ya kila rimu bila kugusa. Ukiwa na kipimajoto cha miale ni rahisi zaidi: linganisha gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja. Tofauti ya nyuzi 30 au zaidi inaonyesha upande wenye tatizo.

Weka vigingi kwenye magurudumu mengine, inua kwa jeki, weka stendi, achia hendibreki, weka gia huru, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. La mbele likisukumwa linapaswa kwenda mzunguko mmoja au zaidi likisugua kidogo tu. Likikwama, legeza nipo ya kutolea hewa kwenye kalipa (kibano cha breki). Gurudumu likiachia hapohapo, presha ilikuwa imenaswa: mara nyingi mpira wa breki umevimba kwa ndani, unapitisha mafuta ya breki kwenda lakini hauyarudishi. Lisipoachia, pini za kalipa zimekauka au pistoni ina kutu. Pini zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira, na baada ya miezi michache unarudi palepale. Kwa ngoma za nyuma, angalia kama waya wa hendibreki unarudi wote.

Nikishusha mlango wa nyuma wa bodi upepo utapita?

Imani hii ni ya zamani na si sahihi. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujikusanya ndani ya bodi na kuzunguka kama mto, na upepo unaotoka juu ya kebini hupita juu yake. Ukiushusha unauvunja mto huo. Ufunge. Turubai lililovutwa vizuri juu ya bodi linaweza kusaidia kidogo. Turubai linalopigapiga linaharibu. Karia tupu juu ya kebini ivue siku usiyoitumia. Na toa bodini minyororo na vyuma unavyovizungusha bila kazi: mjini, kwenye kusimama na kuondoka kwingi, uzito huo unaonekana kwenye hesabu.

AC au madirisha?

Mjini kwa mwendo mdogo, fungua madirisha. Barabara ndefu, funga na utumie AC.

Niliacha gari kwenye foo wili. Lina madhara?

Kwenye lami kavu, ndiyo. Kwa pikapu nyingi foo wili hufunga ekseli za mbele na nyuma pamoja, na kwenye kona magurudumu yanashindana. Mafuta, matairi na giaboksi ya foo wili vyote vinaumia. Kama una hab (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono, hakikisha zote mbili ziko kwenye nafasi ya huru.

Gari linatoa moshi mweusi na kula mafuta. Nianzie wapi?

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wengi hukimbilia injekta, lakini upande wa hewa ni rahisi na wa bei nafuu, uanze huko.

Kwanza eya klina. Ukiishika kwenye mwanga na huoni mwanga ukipita, nunua mpya. Kuipuliza kwa kompresa ya presha kubwa hutoboa karatasi, na vumbi linalopita linakwangua mapezi ya turbo na silinda.

Pili, mabomba kati ya turbo, intakula (kipoza hewa) na injini. Hapa ndipo pikapu nyingi zinapoumwa. Mpira hupasuka kwa chini, karibu na klipu, ambapo huuoni, na ufa hufunguka tu presha ikipanda. Dalili zake ni sauti ya hewa ikivuja au mluzi ukikanyaga, nguvu kupungua, na unyevu wa oili wenye vumbi lililoganda mahali pamoja. Mtu mmoja apandishe mizunguko mpaka 2,500 huku mwingine akibana mpira kwa mkono, mbali na feni na mikanda: unapaswa kuhisi ukikaza. Ukipata mahali pa kuingizia hewa, ziba mabomba, weka presha ya bar 1 tu, na upake maji ya sabuni. Mapovu yatakuonyesha ufa. Kaza klipu, au badilisha mpira. Gundi na tepu havidumu hapo.

Tatu, kihisi cha hewa kilichopo baada ya eya klina. Uzi wake mwembamba ukishika uchafu hupotosha hesabu ya kompyuta. Usafishe kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa vihisi hivyo, bila kuugusa, na uache ukauke. Filta za kupakwa oili, zikipakwa nyingi, ndizo huuchafua.

Nne, valvu ya EGR inayorudisha moshi kwenye injini. Ikikwama wazi kwa masizi, silinda zinavuta moshi badala ya hewa safi: gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini, moshi mwingi. Itolewe, isafishwe pamoja na njia yake. Mwisho angalia mapezi ya turbo yanayobadilika na mipira midogo ya vakyumu inayoyaendesha. Mpira mmoja wa vakyumu uliopasuka unaweza kuzima turbo nzima.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaochoma macho wakati injini imeshapata moto ni mafuta yasiyoungua: taimingi ya pampu imechelewa, injekta mbovu, au kompresheni imeshuka. Moshi mweupe unaodumu huku maji ya rejeta yakipungua unaashiria gasketi ya silinda hedi.

Injekta zinapimwaje?

Kwa komoni reli, anza na mashine ya kusoma kompyuta. Injini ikiwa ya moto na kwenye silensa, soma marekebisho ya mafuta ya kila silinda. Silinda moja inayojitenga sana na wenzake ndiyo ya kuchunguza.

Kisha pima mafuta yanayorudi. Chomoa mipira midogo ya marejeo juu ya injekta, ziba laini kuu ya marejeo, na chomeka mipira inayoonekana ndani iingie kwenye chupa nne zinazolingana. Washa silensa dakika tatu, kisha 2,500 kwa dakika moja, uzime. Zipange chupa sambamba. Tatu zikiwa na kimo sawa na ya nne imejaa mara mbili au tatu, injekta hiyo imelika kwa ndani, na pampu inafanya kazi ya ziada kuifidia. Kipimo hiki hakihusu injekta za piezo (zinazofunguliwa kwa fuwele za umeme), kwani nyingi zinahitaji presha kwenye laini ya marejeo ili zifanye kazi. Tena hakionyeshi ncha inayodondosha mafuta. Hiyo huonekana kwenye benchi.

Zingatia hili kwa uzito: presha ndani ya reli inaweza kupita bar 1,500. Usilegeze bomba la presha injini ikiwaka, na usitafute mvujo kwa mkono. Mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linahitaji hospitali mara moja.

Injekta ikirudishwa iwe na washa mpya ya shaba, kiti chake kikiwa kimesafishwa, na ikazwe kwa spana ya kipimo. Ikiwa mpya, msimbo uliochapwa kichwani mwake uingizwe kwenye kompyuta. Ukirukwa, kompyuta inaendelea kupima mafuta kwa injekta ya zamani, na utalipia injekta mpya bila kuona nafuu.

Kwa injini ya zamani, nozeli hupimwa kwa pampu ya mkono: presha ya kufungua, umbo la ukungu, na kama inadondosha. Ukungu uwe laini. Ukiwa ni mchirizi, nozeli imekwisha.

Mshale wa joto hauinuki kama zamani. Unahusiana na mafuta?

Sana. Thamostati iliyokwama wazi huifanya injini itembee kwenye nyuzi 60 au 70 badala ya 80 hadi 90. Kompyuta inadhani injini bado ni ya baridi na inaongeza mafuta. Dalili ni mshale kushuka ukiteremka au ukikimbia barabara ndefu, kisha kupanda kwenye foleni. Badilisha thamostati, usiitoe na kuacha wazi.

Kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi kinaongezaje matumizi?

Kikijaa, kompyuta huingiza mafuta ya ziada ili kukichoma kwa joto la nyuzi 550 hadi 650. Safari fupi za mjini hukatiza uchomaji kabla haujaisha, na unaanza upya kesho. Ukiona silensa imepanda kidogo, feni inazunguka na kuna harufu ya moto, usizime. Tembea dakika 15 hadi 20 kwa mwendo usiokatika. Pima oili pia: ikipanda juu ya alama, dizeli imeingia ndani yake na inabidi ibadilishwe. Tumia oili ya majivu machache iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kuking'oa kichujio ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na hakuponyi injekta au turbo iliyokijaza.

Filta ya dizeli na maji?

Fungua kizibo cha chini ya filta utoe maji kila mwezi, au mara taa yake ikiwaka. Ukibadilisha filta ya komoni reli, usiijaze kwa kumimina dizeli ya dumu, kwani uchafu utaingia moja kwa moja upande wa pampu. Tumia pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha washa.

Mafuta ya taa yakichanganywa?

Yana nishati ndogo zaidi kwa kila lita, kwa hiyo kilomita zinashuka. Kubwa zaidi, hayalainishi. Pampu na injekta za komoni reli hulainishwa na dizeli yenyewe, na vumbi la chuma likianza kutoka kwenye pampu linasambaa mpaka kwenye tangi.

Dawa za kumimina kwenye tangi, na sumaku za kufunga kwenye bomba?

Sumaku haifanyi chochote. Dawa ya kusafisha injekta inaweza kusaidia injekta iliyoanza kushika uchafu, ila haifufui iliyolika. Dawa za kuongeza seteni (kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka) husaidia kuwaka wakati wa baridi, si kilomita.

Kubadilisha programu ya kompyuta?

Dereva mtulivu anaweza kupata nafuu kidogo, kwa kuwa injini inavuta kwa mizunguko michache zaidi. Wengi hutumia nguvu iliyoongezeka, na mafuta yanapanda pamoja nayo. Joto la moshi nalo hupanda, turbo na klachi vinabeba mzigo visivyotengenezewa. Usiguse programu kabla ya kuponya kasoro zote zilizotajwa hapo juu.

Oili nyepesi inasaidia?

Kwa asilimia 1 au 2, kama kitabu kinaruhusu. Injini iliyotengenezewa oili ya unene wa 15W-40 usiiwekee nyepesi kwa kubahatisha.

Nimekagua yote na bado linakula. Kuna nini kingine?

Klachi. Ukiwa gia ya nne kwenye kilima, mizunguko 1,800, kanyaga yote. Mizunguko ikiruka na mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza.

Kwa giaboksi ya otomatiki, tembea 90 bila kubadilisha mguu wa mafuta, kisha gusa breki kidogo mno kwa mguu wa kushoto, barabara ikiwa tupu nyuma yako. Mizunguko inapaswa kupanda mamia kadhaa kwa sababu kifungo cha konveta (kinachounganisha injini na giaboksi moja kwa moja) kimeachia, kisha irudi. Isipobadilika kabisa, kifungo hakikuwa kimeshika tangu mwanzo, na unachoma mafuta kupasha moto oili ya giaboksi.

Baada ya hapo lala chini ya gari na tochi: maungio ya tangi, mpira wa marejeo, na mfuniko. Doa bichi la dizeli hukusanya vumbi jeusi linalong'aa. Na jaza tangi jioni, piga alama ya kiwango, kisha utazame tena asubuhi kabla ya kuwasha. Kama mshale umeshuka gari likiwa limelala na chini pakavu, mafuta yanafyonzwa na mtu, na dawa yake ni mfuniko wa tangi wenye kufuli.